Barua toka Pittsburgh: Muziki Uliovuka Bahari

Ndugu wasomaji, na ninyi jirani zangu wa zamani hapo kambini, leo siandiki habari za kazi wala za theluji. Nataka niwatembeze mahali.

Mji wetu wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Marekani, ni mji wa mito na vilima. Zamani ulisifika kwa viwanda vya chuma. Ukivuka mto Allegheny unafika Millvale, mji mdogo wa bondeni. Juu ya kilima liko kanisa Katoliki la Mtakatifu Nikola, la Wakroatia. Hao ni watu wa nchi ya Kroatia, kule Ulaya. Walikuja kwa maelfu kabla ya vita ya 1914, wakitafuta kazi viwandani na migodini.

Ndani ya kanisa kuna picha kubwa ukutani, zilizochorwa na Maxo Vanka mwaka 1937 na 1941. Naye alikuwa mhamiaji. Katika picha moja akina mama wa Kroatia wanamlilia kijana aliyeuawa vitani. Katika nyingine akina mama wanamlilia mfanyakazi aliyefia kazini huku Marekani. Nilisimama pale muda mrefu. Kumbe kilio cha mama ni kilekile.

Lakini hasa kilichonifanya nishike kalamu ni muziki. Jumapili moja jirani yetu, mzee wa Kikroatia aliyezaliwa hukuhuku, alitualika kwenye ukumbi wao. Mjukuu wake, binti wa miaka kama tisa, alikuwa na chombo kidogo cha nyuzi. Babu alisimama nyuma yake na kingine kinachomzidi kimo. Muziki huo unaitwa tamburica, tamka "tamburitsa". Kile kidogo ni prim, ndicho kinachoongoza wimbo kwa sauti nyembamba. Brač kinaitikia, bugarija inashika mapigo, na berde ndiyo besi. Chombo cha asili, tambura, kilifika kwao na Waturuki, nao wakakifanya chao.

Nikamuuliza binti kama anasema Kikroatia. Akacheka: "Kidogo tu. Lakini nyimbo nazijua."

Wamefanyaje mpaka leo? Hawakungoja serikali. Mwaka 1894 walianzisha chama cha kusaidiana, ili mtu akiumia au akifa kazini familia isibaki mikono mitupu. Chama hicho kikaja kusaidia pia vikundi vya watoto vya tamburica. Mwaka 1937 Chuo Kikuu cha Duquesne, hapahapa mjini, kilipata kundi la wanafunzi wapigaji, na kupiga kukawasaidia kulipa ada. Ila shule ya kwanza ni nyumbani. Jerry Grcevich, mpigaji prim wa huku kwetu, alifundishwa na baba yake na ndugu wa baba yake. Mwaka 2005 Marekani ikampa tuzo ya taifa ya wasanii wa jadi.

Kanisa lao jingine la zamani, si mbali na hilo, lilibomolewa mwaka 2013. Kuta zimeondoka, nyimbo zipo.

Usiku ule nilimwambia mwanangu, aliyezaliwa hapo kambini, aniimbie wimbo mmoja wa Kibembe. Akanitazama tu. Si kosa lake. Basi nikaanza mimi, ule wimbo wa bibi yangu wa kutwanga mihogo. Nikafika ubeti wa pili, nikakwama. Nimepigia simu ukoo mzima, hakuna anayeukumbuka. Bibi tulimzika Fizi.

Ndugu zangu, ninyi bado mna wazee uani. Jioni mkalishe mtoto karibu na bibi, wimbo mmoja tu, mpaka aujue wote. Simu inarekodi, sawa, lakini simu haimsahihishi mtoto akikosea. Bibi ndiye anamwambia, "Hapana, rudia."

Na kama yuko mama wa Fizi anayeujua wimbo ule wa kutwanga, tafadhali aimbe, mtu aandike ubeti wa pili, aupeleke kwa wahariri wa jarida hili. Mimi hapa namfundisha kijana ule mmoja nilio nao.