Sikio la Mzee

Kwa miezi saba Datsun ya Baba ilikaa juu ya mawe kule Grogan, boneti wazi, kifua kitupu. Ni 1600 SSS, aina ile ile ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller waliendesha wakashinda Safari Rally ya 1970. Baba mwenyewe hakuwahi kushindana na mtu. Alienda nayo kazini na kanisani, na kila Krismasi alitupeleka nayo ushago, sisi wanne nyuma tukigombania dirisha. Alipofariki, ndugu zangu walitaka iuzwe kama vyuma chakavu. Nikasema nitaitengeneza. Nilisema kwa hasira tu, kusema kweli. Sikujua bei ya ringi.

Sasa najua. Najua bei ya ringi, ya beringi, ya gasketi ya hedi, na ya kuchonga silinda. Akiba yangu ya miaka miwili imeingia ndani ya injini ya sisi 1595, na jamaa niliyekuwa nimpangishie nyumba bado ananipigia simu kuuliza kama nimebadilisha mawazo.

Fundi ni mmoja tu, Mzee aliyeijua gari hii kabla sijazaliwa. Baba hakuruhusu mtu mwingine aguse kabureta. "Hawa wengine wanageuza nati," alikuwa akisema. "Mzee anasikiliza."

Kabureta ziko mbili. Ya mbele inalisha zaidi silinda ya 1 na ya 2, ya nyuma inalisha ya 3 na ya 4. Lazima zivute hewa sawa. Zisipovuta sawa, ni kama watu wawili wanaopandisha sofa kwenye ngazi na mmoja ana haraka. Halafu kuna suala la mafuta. Yakizidi, plagi zinatoka nyeusi, zimejaa masizi. Yakipungua, zinatoka nyeupe na injini inachemka ndani kwa ndani. Ukiona rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, uko sawa. Na hapa Nairobi tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo kipimo cha kitabu cha Japani si cha kumeza hivi hivi. Kwa injini iliyotoka kufungwa, ringi zikiwa bado hazijakaa, ukikosea unaweza kujikuta unaifungua tena.

Jumamosi hiyo Mzee alianza na tapeti, akaja kwenye taimingi. Kabureta huja mwisho, aliniambia, maana ukianza nazo utakuwa unatibu ugonjwa ambao si wao. Injini ikapigwa stata, ikakohoa mara mbili, ikashika. Tukaiacha ipate joto. Mzee akatoa kipande cha mpira wa petroli, akaweka ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Akahamia ya nyuma. Akageuza skrubu. Akarudi mbele. Akafunga macho.

"Sawa," akasema. Akaenda kunywa chai.

Haikuwa sawa. Spana iliyokuwa imelazwa juu ya madigadi ilikuwa inatetemeka, ikatembea taratibu mpaka ukingoni, ikaanguka.

Kwenye mkoba wangu kulikuwa na kitu nilichokuwa nimemficha Mzee: kidude cha kupima hewa ya kabureta, nilichoagiza mtandaoni. Nilikitoa kama mwizi, nikakiweka kwenye mdomo wa mbele. Sindano ikasimama kwenye 5. Nyuma, 3. Nikapima tena. 5 na 3.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeona mambo. Mzee alikuwa akijibu maswali ambayo sikuuliza. Nikimwongelesha alinigeuzia upande wa kushoto. Miaka zaidi ya 40 ya nyundo na magari yasiyo na sailensa, tena bila hata pamba ya kuziba masikio. Lakini nilikulia katika nyumba ambayo humwambii mzee kwamba amechoka, sembuse kwamba kazi iliyompa jina imemshinda.

Nilichukua bisibisi. Robo mzunguko tu, nikawaza, hatajua. Nikaiona mikono yangu na bisibisi ile, nikamkumbuka Baba, nikairudisha kwenye boksi.

Aliporudi na kikombe chake nikasema kwa sauti, upande wa kushoto, "Mzee, nifundishe kusikiliza."

Akanitazama kwa muda. Akanipa mpira.

Kabureta ya mbele ilivuma kama sufuria inayokaribia kuchemka. Ya nyuma ilikuwa kama mtu aliyelala.

"Unasikia nini?"

"Ya mbele inavuta zaidi."

Alichukua mpira, akaweka sikio la kulia, akatikisa kichwa. Akaweka la kushoto. Alikaa hapo muda mrefu, ameinama, mpaka nikatamani ningenyamaza.

"Hili la kulia lilienda kitambo," akasema. "Hili lingine nilidhani bado liko."

Sikuwa na la kusema. Akanipa bisibisi mwenyewe.

"Punguza ya mbele. Kidogo. Hiyo si bomba ya maji, msichana wangu, polepole."

Tulipofika kwenye mafuta akanionyesha jinsi ya kuinua ile pistoni ndogo ya kabureta, milimita moja hivi. Resi ikipanda ikabaki juu, mafuta ni mengi. Injini ikitaka kuzima, ni machache. Ikipanda kidogo halafu ikarudi, usiguse tena. Mimi niliinua na kusikiliza. Yeye aliweka kiganja juu ya madigadi, akafumba macho.

"Imerudi," akasema, kabla sijafungua mdomo.

Tukaendelea hivyo karibu saa nzima, sikio langu na mkono wake. Mara mbili tulipishana, na mara zote mbili plagi zilisema yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Mwishowe akaiweka ile spana juu ya madigadi. Ikalala pale pale.

"Haya," akasema akipangusa mikono, "na hicho kidude kwenye mkoba kinasemaje?"

Nilihisi uso ukiwaka moto. Nikakitoa. 4 mbele, 4 nyuma.

"Si ungeniambia tu."

"Ningekuambiaje, Mzee?"

Hakujibu. Sijui kama hakusikia au hakutaka.

Alipofunga boneti akanipa masharti: nisiikimbize, nisiiache ikinguruma kwenye jam bila sababu, na baada ya kilomita 800 nirudi, maana ringi zikishakaa injini inakuwa nyepesi na kabureta zitataka kurekebishwa tena.

"Nitakuja," nikasema.

"Kidude uache nyumbani." Akanirushia kile kipande cha mpira dirishani. "Hicho uje nacho."