Je, Chura Anayetetemeka ni Shujaa?

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, wengi wetu tumelelewa tukiambiwa, "Nyamaza, mtoto haulizi ovyo!" Maoni yangu ni kwamba mtoto wa miaka 6 aweza kufikiri kwa kina, mradi apewe jambo la kufikiria. Kitabu cha picha chatosha.

Ushahidi ninao. Likizo ya Agosti niliwasomea watoto 7 wa mtaani kwetu kitabu cha Arnold Lobel, Frog and Toad Together, kilichotolewa mwaka wa 1972. Niliwasimulia kwa Kiswahili huku wakitazama picha. Katika hadithi moja, vyura wawili wanataka kujua kama wao ni mashujaa. Wanapanda mlima. Wanakutana na nyoka, mawe yanaporomoka, mwewe anapita juu yao. Wanatetemeka huku wakipiga kelele ati hawaogopi! Mwishowe wanatimua mbio hadi nyumbani, mmoja anajifunika kitandani gubigubi na mwenzake anajifungia kabatini.

Sikuwapa jibu. Niliuliza tu: je, hawa ni mashujaa?

"La! Si wametetemeka?" akasema mvulana mmoja.

Msichana mdogo akampinga: "Mimi hutetemeka nikipita kwa mbwa wa jirani nikienda kuchota maji, lakini napita tu."

Mwingine akauliza, "Na yule asiyeogopa kitu, kwani si hajui hatari?"

Hayo, ndugu zangu, ni maswali ya wanafalsafa. Huko Marekani, Profesa Thomas Wartenberg aliandika kitabu kizima mwaka wa 2009 kuhusu kufundisha falsafa kwa hadithi za watoto.

Lakini mama wa yule msichana alinijia juu. "Unamfundisha mtoto wangu kunijibu!" Nikamwambia kwa heshima, "Mama, ninamfundisha kutoa sababu. Karibu uketi usikie." Akaketi. Akasema vyura wale ni waoga watupu, kwani waliishia mafichoni. Binti yake akasema polepole, "Lakini mama, mlima walipanda." Mama akacheka, akakosa la kusema.

Je, huko ni kukosa adabu? La hasha! Mtoto aliyezoea kutoa sababu na kuomba sababu hatadanganywa kwa urahisi ukubwani. Samaki mkunje angali mbichi. Nawe msomaji, waonaje kuhusu vyura hao? Kabla ya kunijibu, kamwulize mdogo wako.