Bateri Mbili, Kazi Moja

Pengine kwenu iko kamio ya zamani ya jeshi, kama M35 ya Marekani. Umeme wake ni volti 24: bateri mbili za volti 12, zimefungwa kwa kufuatana. Ukifunga radio ya volti 12 kwa zote mbili, inaungua.

Nimeona mafundi wakichukua waya kwa bateri moja tu. Radio inaimba, kweli. Lakini dinamo inalisha bateri zote sawasawa: ile ya radio haishibi, ya pili inashiba kupita kiasi mpaka maji inakauka. Siku moja motere inakataa kuwaka, mbali na nyumba.

Ndugu, tafuta chombo cha kushusha volti 24 mpaka 12, na fyuzi karibu na bateri. Zikule pamoja, zitumike pamoja.