Ngalawa za Delta ya Rufiji: Mwendo wa Wazee, Uhai wa Vijana

Msomaji mpenzi, ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya kusini, kabla hujafika Kibiti utaikuta njia panda ya Bungu. Hapo uiache barabara kuu, ushike mkono wa kushoto, nawe utafika Nyamisati, mlango wa kuingilia delta ya mto Rufiji. Kutoka gati la Nyamisati ndiko watu wanakovuka kwenda Mafia. Ng'ambo ya gati ndipo unapoanza msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, ulio mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Mto umejigawa matawi mengi, na hutokea baharini kwa midomo kama Simba Uranga, Kikunya na Msala.

Katika vijiji vya huko chombo ndicho baiskeli, ndicho basi, na usiku wa dharura ndicho gari la kumchukulia mgonjwa. Mtoto huujua usukani kabla hajaijua kalamu. Basi usistaajabu kuona kwamba vijana wawili wenye ngalawa mbili, wakikutana katika upepo mzuri, hawawezi kupitana kimya kimya.

Niliyaona hayo mwezi Julai, kusi likivuma. Ngalawa mbili zilikuwa zikirudi na kamba, na mnunuzi alikuwa akingoja ufukweni na barafu yake. Atanguliaye hupata bei nzuri na sifa pia. Matanga yalijaa, maji yakapasuka, na katika kila chombo kijana mmoja akapanda juu ya mrengu wa upande wa joshi ili kuukandamiza kwa uzito wake. Pwani watu wakashangilia. Nami, nakiri, nilishangilia. Mara wimbi likaunyanyua mrengu wa ngalawa ya nyuma, na yule kijana akatoweka.

Aliibuka mbali, akapaliwa, akazama tena. Wenzake waligeuza tanga kwa taabu, wakamvuta chomboni kwa kamba. Hakuwa na jaketi la kuokolea maisha. Lilikuwapo, lakini alikuwa amelikalia. Mama yake, aliyekwisha kuingia majini hadi kiunoni na kanga zake, hakusema neno hata walipofika nyumbani.

Jioni nilimwendea nahodha mmoja mzee. "Shikamoo babu," nikamwambia, "vijana wanasema jaketi ni la waoga, kwamba wazee hamkuvaa."

"Marahaba, mwanangu. Hatukuvaa, kwa sababu hayakuwapo," akajibu. "Lakini wamekueleza mengine? Sisi hatukushindana maji yakipwa, mkondo unapovutia nje. Hatukung'oa nanga bila upo wa kufulia maji. Na nahodha akisema shusha tanga, lilishushwa, hata kama ushindi ulikuwa hatua kumi mbele. Hawa wamerithi mbio, wakaacha miiko."

Msomaji, maneno hayo yanafaa kupimwa. Tunaposema mila, mara nyingi tunashika ile sehemu inayong'aa, tukaitupa ile iliyoilinda. Wala jambo hili si la Rufiji peke yake. Huko Marekani yako mashindano ya magari ya kukimbizana robo maili katika njia iliyonyooka. Kwa miaka mingi dereva aliketi nyuma ya injini, miguu yake karibu na gia, na hiyo ndiyo iliyoonekana desturi ya wanaume. Machi 1970, huko California, gia ya gari la bingwa Don Garlits ilipasuka, ikamkata sehemu ya mguu. Mwaka 1971 alirudi na gari ambalo injini yake ilikuwa nyuma ya dereva. Wengi walidhani halitaongozeka. Akashinda nalo, na baada ya miaka michache wenzake wakamfuata. Mashindano hayakufa, wala mwendo haukupungua. Kilichobadilika ni pale alipoketi mtu.

Basi hapana haja ya kuzikataza mbio za ngalawa. Zimewafundisha vijana wa pwani kuusoma upepo, kulifunga tanga na kuaminiana. Unguja na Lamu resi za vyombo vya tanga hupamba sikukuu, na watu husafiri kwenda kuzitazama. Kinachotakiwa ni kurudisha miiko ya wazee na kuongeza juu yake kile ambacho wazee hawakukipata.

Kwa hiyo, ewe mzazi, mwanao akibeba tanga begani, muulize mambo matatu: Maji yanajaa au yanakupwa? Upo umo chomboni? Na jaketi utalivaa, au utalikalia? Akikuona umepitwa na wakati, mwambie kwamba miiko hii ni ya zamani kuliko mbio zake. Bei ya kamba itakuwapo kesho pia, na mnunuzi atarudi na barafu yake. Kijana aliyezama harudi.