Oveni inayojizima

Haya, leo hakuna PHP wala hifadhidata. Leo ni oveni.

Mama mdogo anaishi hapa Athi River na anaoka keki za kuuza. Jumatano moja oveni yake ya umeme ikaanza vituko, na Jumamosi alikuwa na keki ya harusi ya ngazi tatu, pesa za rehani ameshapokea na unga ameshanunua. Fundi akaja, akafungua kifuniko cha nyuma, akaitazama bodi kama dakika moja hivi, akasema, "Bodi imekufa, mama." Bodi mpya ni shilingi 18,000, na wiki mbili za kungoja. Ndipo nikapigiwa simu. "Kwani wewe si ulisomea kompyuta?"

Wenzangu mnalijua hilo swali. Ukishapata digrii ya kompyuta, ukoo mzima unakuhesabu kuwa fundi wa redio, pasi na king'amuzi. Lakini safari hii nilienda mbio, kwa sababu lile neno "imekufa" lilinikera. Ni sawa na mteja anayeniambia "mfumo haufanyi kazi" halafu anakata simu. Haufanyi nini? Ukibonyeza wapi?

Basi nikabonyeza. Saa ilikuwa inaonyesha vizuri na vitufe vinaitika. Nikaweka nyuzi 180, nikaanzisha. Rilei ikalia "ta!", kioo kikazima, kisha kikarudi saa ikimweka 00:00. Nikarudia mara tano, na mara zote tano ikawa vile vile. Kasoro inayokuja kila ukiiita ni rafiki yako. Tena bodi iliyokufa haionyeshi saa. Hii ilikuwa inajiwasha upya, kila mara rilei inapovuta.

Nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikachomoa nyaya za koili ya kupasha joto kutoka kwenye bodi, nikawasha tena. Ikajizima vile vile, kwa hiyo koili haina hatia. Kihisi cha joto kilikuwa cha aina ya Pt1000, ambacho husoma omu 1,000 kwenye nyuzi sifuri na karibu 1,100 kwenye joto la chumba. Mita ikasoma 1,098. Naye akaenda zake.

Akabaki mshukiwa mmoja, yule ambaye sisi watu wa programu humsahau kabisa: umeme unaoilisha bodi yenyewe.

Bodi nyingi za bei nafuu hazina transfoma. Umeme wa volti 240 hupitia kapasita moja kubwa, mara nyingi ya rangi ya manjano au kijivu, na kapasita hiyo ndiyo huamua ni mkondo kiasi gani unapita. Yetu iliandikwa maikrofaradi 0.47. Kwa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, hiyo ni karibu miliampea 35. Kioo na kichakataji hula kidogo tu, lakini rilei ya volti 24 peke yake inaweza kutaka kama 17. Sasa, kapasita hizi zina tabia ya kujiponya: umeme ukiruka na kutoboa utando wa ndani, sehemu ile ndogo huungua na kazi huendelea. Lakini kila tundu hupunguza uwezo. Hapa kwetu, stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, hesabu wewe mwenyewe ni matundu mangapi kwa miaka sita.

Nikaitoa, nikaipima. 0.21. Yaani miliampea 16 hivi: zinatosha kuonyesha saa, hazitoshi kuvuta rilei. Volti zinaporomoka, kichakataji kinazimia, kinaamka hakijui saa ngapi. Programu ya ndani haikuwa na kosa lolote.

(Kuna oveni ambazo hata saa huhesabu kwa mizunguko ya umeme. Mwanzoni mwa 2018 mizunguko ilipungua kidogo Ulaya kwa wiki kadhaa, saa za oveni zikachelewa karibu dakika sita katika nchi nyingi.)

Alhamisi nikapanda matatu hadi Luthuli Avenue, Nairobi. Kapasita haikufika shilingi 100, nauli ilinila zaidi. Ijumaa jioni nikaichomelea, rilei ikalia "ta!" na kioo kikabaki kimewaka. Keki zote tatu zikaokwa usiku ule.

Ukijaribu kwako, nunua iliyoandikwa X2, volti 275 au zaidi za umeme wa ukutani. Muuzaji akikupa ya kawaida yenye namba ile ile, mrudishie, hiyo inaweza kuwasha moto. Na bodi isiyo na transfoma ina umeme wa ukutani kila mahali, hata kwenye vitufe, kwa hiyo usiiguse ikiwa imewaka. Hata ukishazima swichi kuu, pima kwanza kama kapasita imeisha chaji. Mimi hupima mara mbili.