Boti yenye choo

Jumamosi nilialikwa kunywa chai ndani ya boti iliyokaa juu ya tope. Ni huko Maldon, Essex. Maji ya Mto Blackwater yakishapwa hubaki tope tupu, na hapo boti ya mfanyakazi mwenzangu ilikuwa imesimama wima, haikuegemezwa hata mti mmoja. Birika linachemka.

Mimi mtoto wa Nungwi, Unguja. Chombo kikipwelewa kwetu, kama hukukichomekea magogo kinalala ubavu, na kila kilichomo kinahamia upande mmoja pamoja na wewe.

Boti yenyewe ni Westerly Centaur, ya faibaglasi, futi 26. Ofisi ya Laurent Giles ndiyo iliyoichora, na kati ya 1969 na 1980 zikaundwa zaidi ya 2,400. Haina mkuku mmoja wa katikati. Ina miwili mifupi, huku na huku, imetanuka kidogo kwa nje. Kwa hiyo inazama chini ya mita moja tu, na maji yakiikimbia inajisimamia. Ikilalia upepo, mkuku wa upande uliolala ndio unaonyooka na kushika maji. Nikamwambia mwenyeji wangu kwamba ngalawa nayo ina matengo pande zote mbili. Akanitazama kama niliyemwambia punda wana magurudumu.

Hasira zilinipanda nilipoingia ndani. Mtu wa futi sita anasimama bila kuinama! Kuna jiko la gesi, sinki, meza inayoshushwa ikawa kitanda, kabati chini ya kila kiti, na choo chenye faragha yake. Wanalala watu watano, hata sita. Na boti haijaondoka hapo tangu Pasaka.

Mashua ya ami yangu haikosi safari ila kusi likichafuka, na haina hata pa kukaa. Unakaa juu ya magunia ya watu. Jiko ni debe la mchanga. Haja? Shika kamba, jining'inize shetri, na abiria wote wageuke watazame omo.

Tena matunzo! Ami huipandisha mashua pwani, akaichoma tumbo kwa makuti kuua wadudu watobozi, akakalafati kwa pamba, akapaka shahamu. Huyu mwenzangu anasugua na kupaka rangi mara moja kwa mwaka, halafu analalamika mgongo. Ingawa faibaglasi nayo ina maradhi: maji yakipenya ngozi ya juu inafura malengelenge, na mnunuzi wa Centaur kongwe huanza kukagua pale mikuku inapoungana na tumbo. Wala msidhani plastiki ni ngeni kwetu. Lamu waliunda mashua ya Flipflopi kwa taka za plastiki za kuokota, na 2019 ikaja kwa tanga hadi Unguja.

Nikarusha picha kwenye kundi la familia. Ami akajibu kwa sauti: inabeba mifuko mingapi ya saruji? Mdogo wangu akasema ukivunja vitanda itabeba. Ami akamkatiza: mikuku ile ni ya tope la huko, siku ya kwanza tu itakalia matumbawe ivunjike, na hajaona pa kuweka foromali. Wakabishana mpaka isha.

Choo, lakini, ami ameuliza kama kinauzwa peke yake.