Moyo Unaoruka

Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama ndani ya daladala ya Mbagala, mkono mmoja juu kwenye bomba, mwingine umekumbatia mkoba. Moyo ukaanza kwenda mbio, ukasita, ukapiga mara tatu za haraka, ukasita tena. Konda akapaza sauti, "Sogeeni nyuma huko, nafasi ipo!" Nikasogea. Nilikuwa na miaka 26, nikadhani ni njaa.

Kwa miezi mitano nilipewa majibu mengi. Zahanati moja walisema vidonda vya tumbo. Nyingine walisema msongo wa mawazo, wakaniuliza kama kuna mwanaume ananisumbua. Shangazi alisema nimetupiwa kitu. Mama hakusema neno. Yeye ni fundi cherehani. Usiku mmoja niliuchukua mkono wake nikauweka kifuani pangu. Akatega sikio kama anavyotega mbele ya mashine ya mteja, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, huu unaruka."

Mafundi husema hivyo sindano inaposhuka bila kushika uzi.

Tulipofika kliniki ya moyo, daktari aliweka kifaa chake kifuani pangu na vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Akahesabu dakika nzima. "Kifuani ni 140," alisema. "Mkononi ni 112. Ile mingine inapiga lakini haifikishi damu." Mama alinitazama. Neno lake la kazini lilikuwa sahihi.

Moyo mzima hupokea amri kutoka sehemu moja ndogo iliyo kwenye chumba cha juu upande wa kulia. Wangu ulikuwa unapokea amri kutoka kila kona, kwa hiyo vyumba vya juu vilitetemeka tu badala ya kusukuma. Kipimo cha picha kikaonyesha chanzo: vali ya upande wa kushoto ilikuwa na makovu, imebana.

"Utotoni viungo viliwahi kumvimba?" daktari aliuliza.

Mama ndiye aliyejibu. Nilikuwa darasa la nne. Koo liliniuma, likapona, kisha likaja goti, baadaye kiwiko. Alinichua kwa mafuta ya karafuu. "Tulisema ni baridi," alisema.

Daktari alieleza bila kulaumu. Vijidudu vya koo huufanya mwili upigane, na wakati mwingine mwili hukosea adui, ukashambulia viungo na vali za moyo. Koo likitibiwa mapema kwa penisilini, mara nyingi mambo hayafiki huko. Mama alikuwa akiangalia viganja vyake. Pale hakulia. Alilia kwenye bajaji, tukiwa tunarudi.

Nilichelewa kuelewa kwamba kuruka kwenyewe si hatari kubwa kuliko zote. Hatari ni damu inayotuama. Chumba kisichosukuma ni kama dimbwi. Damu ikikaa humo huganda, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo, ndiyo kiharusi. Ndiyo maana natumia warfarini, na ndiyo maana napimwa INR. Yangu inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Ikishuka, damu inaweza kuganda. Ikipanda, naweza kuvuja damu ndani kwa ndani.

Nilisoma kwamba dawa hii iliuzwa kwanza kama sumu ya panya, mwaka 1948, kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Mama sikumwambia. Niliuliza kuhusu vidonge vipya visivyohitaji vipimo vya mara kwa mara. Nikajibiwa kwamba utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kuwa kwa sisi ambao vali zetu zimeharibiwa na homa hiyo, dawa ya zamani inalinda vizuri zaidi. Nikarudi kwenye sumu yangu ya panya.

Kisha nikaogopa mboga. Nilisikia kuwa vitamini K iliyomo kwenye majani hupunguza nguvu ya dawa, nikaacha mchicha, matembele, kila kitu cha kijani. Miezi mitatu. Halafu tukapata msiba Muheza. Wiki nzima nilikula kisamvu cha nazi mchana na usiku, kwa sababu ndicho kilichokuwepo na kwa sababu nilikuwa na hamu nacho. Niliporudi kupima, INR ilikuwa 1.4.

Muuguzi aliitazama kadi yangu, akanitazama na mimi. "Mdogo wangu, hatujakukataza mboga. Tumekukataza kuushtukiza mwili."

Siku hizi nakula mchicha Jumanne na Ijumaa, kiasi kilekile. Nachomwa penisilini kila baada ya wiki nne ili homa ile isirudi. Sinunui diklofenaki dukani hata kichwa kiume vipi. Asubuhi nahesabu mapigo dakika nzima, si nusu, kwa maana nusu ya pili haifanani na ya kwanza.

Kuna jambo moja halina ratiba. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na vali iliyobana huelemewa na ujauzito. Daktari alisema, "Usishike mimba kwa bahati. Njoo kwanza, tupange." Nilimweleza mchumba wangu yote, bila kupunguza. Aliomba muda wa kufikiri. Bado yumo ndani ya muda huo, na mimi nimeacha kumuuliza.

Saa mbili usiku ndiyo saa ya kidonge. Muda huo mama huwa sebuleni anashona sare za shule. Ikifika saa mbili, cherehani kinanyamaza. Haniiti, haniulizi. Najua anasubiri kusikia maji yakimiminwa. Nameza, kisha naweka kikombe mezani kwa kishindo kidogo ili asikie, naye anaendelea kushona.